Tairi pana siyo ubingwa, masika ya Kariakoo inaumbua

Siku ya Dabi ya Kariakoo, kabla timu hazijafika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kuna mechi nyingine inachezwa barabarani. Altezza, Subaru Impreza na Mark X zinatoka Msimbazi na Jangwani zikiwa na bendera madirishani, ekzosi zinapasua, na wapo mashabiki ambao hawaangalii tena rangi ya jezi. Wanaangalia gari imevaa nini miguuni.

Fasheni ya mjini kwa sasa ni tairi pana. Kijana akishanunua gari yake ya spoti, safari ya kwanza ni Gerezani kutafuta rimu na tairi za 245 au 255. Ukimuuliza sababu, jibu huwa moja: anataka gari ishike barabara.

Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo hatari, na masika ndiyo huionyesha.

NAMBA ZA UBAVUNI

Tuanze na namba. Altezza RS200 ilitoka kiwandani na tairi zilizoandikwa 215/45R17. Hiyo 215 ni upana kwa milimita. 45 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo. 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

Gari hiyo ina nguvu za farasi 210, na Toyota waliona 215 inatosha. Subaru Impreza WRX STI ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye nguvu za farasi 280 zinazokwenda magurudumu yote manne, ilipewa 225/45R17. Mwaka 2012 Toyota walipotoa 86, gari ya spoti kwelikweli, waliivalisha 215/45R17 ya aina ambayo hata Prius ilikuwa ikivaa. Haikuwa ubahili. Walitaka dereva aisikie gari mapema, ajue mpaka wake kabla spidi haijawa kubwa.

Sasa kama STI yenye farasi 280 ilitosheka na 225, Altezza ya kwenda kazini Posta na kurudi Tabata inatafuta nini kwenye 255?

PANA HAINA MAANA NYINGI ZAIDI

Wengi wanadhani tairi ikiwa pana, basi raba nyingi zaidi inagusa lami. Siyo hivyo sana. Eneo linalogusa chini linaamuliwa zaidi na uzito wa gari na upepo uliojazwa. Kwa gari ndogo ya spoti, kila tairi inagusa lami kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Ukiweka tairi pana kwa upepo uleule, kiganja hakiongezeki sana, kinabadilika umbo tu: kinakuwa kipana na kifupi.

Umbo hilo lina faida. Kwenye lami kavu na kona ya kasi, tairi pana inatulia na haichoki haraka kwa joto. Ndiyo maana mwaka 2017 Formula One walipanua tairi za mbele kutoka milimita 245 hadi 305 na za nyuma kutoka 325 hadi 405. Lakini zile gari zinakandamizwa chini na upepo, zinakimbia kwenye lami laini isiyo na shimo, na mvua ikinyesha zinaingia kubadilisha tairi. Tairi yao ya mvua kubwa inatoa maji hadi lita 85 kwa sekunde ikiwa spidi 300. Pale Kamata mvua ikianza, hakuna fundi anayekusubiri na tairi nyingine.

Mfano wa karibu zaidi uko Naivasha. Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Sébastien Ogier alishinda akiwa na Toyota Yaris yenye nguvu za farasi 380. Tairi za vumbi za Pirelli msimu ule zilikuwa na upana wa 205, kwenye rimu ya inchi 15. Kwenye mashindano ya lami, gari zilezile zilivaa 235 kwenye rimu ya inchi 18. Bingwa wa dunia anachagua upana kwa kuangalia uwanja, kama mchezaji anavyochagua njumu kwa kuangalia nyasi.

UWANJA WETU NI HUU

Uwanja wa Dar unajulikana. Machi hadi Mei ni masika, kisha vuli inakuja mwishoni mwa mwaka. Jangwani hujaa maji mpaka Barabara ya Morogoro inafungwa. Katikati ya Kariakoo kuna mashimo, mifuniko ya chemba, kingo za Mwendokasi, mikokoteni, bodaboda na watu wanaovuka popote.

Hapo tairi pana ina matatizo mawili makubwa. La kwanza ni maji. Tairi nyembamba inapasua maji, pana inayakuta mengi zaidi mbele yake na inapanda juu yake mapema. Ikishapanda, usukani unakuwa mwepesi na breki haina inachoshika. Kama kashata zimeisha, hali inakuwa mbaya zaidi. Anayelipa siyo dereva peke yake, ni mama anayevuka Uhuru na mzigo kichwani.

La pili ni ubavu mfupi. Tairi pana mara nyingi huja na ubavu mdogo ili ienee. Shimo moja linatosha kupinda rimu au kutoa nundu ubavuni, na tairi yenye nundu inaweza kupasuka wakati wowote. Hapo bado hujahesabu madigadi inayosuguliwa ukikata kona na usukani unaofuata kila mfereji wa barabara.

KIKOSI CHA KUPANGA

Upana sahihi unaanzia kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Hicho ndicho kikosi cha kwanza. Anayetaka kuongeza, apande hatua moja tu. Kwa Altezza ya 215/45R17, hatua hiyo ni 225/45R17: inakaa kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8.5, na kimo cha gurudumu kinaongezeka kwa milimita 9 tu, hivyo mshale wa spidi haudanganyi sana.

Akitaka 245/40R17, ajue inahitaji rimu ya inchi 8 hadi 9.5. Kuibana kwenye rimu ya kiwandani ya inchi 7 ni kumchezesha beki wa kati pembeni. Tairi inavimba katikati, kingo hazifanyi kazi, na pesa ya upana imepotea.

Kisha asome namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba inazeeka hata ikiwa dukani, na tairi ya mtumba inaweza kung'arishwa ikaonekana mpya. Kashata za milimita 1.6 ndizo kikomo cha sheria katika nchi nyingi, lakini kwa maji, chini ya 3 ni kubahatisha.

Kwa hiyo kijana mwenye bajeti moja na chaguo mbili, 255 ya mtumba au 215 mpya yenye kashata kamili, achukue 215. Haitapigiwa picha nje ya uwanja. Lakini bodaboda akikatiza ghafla Msimbazi kwenye mvua, hiyo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kusimama.