Mgongo wa Ndugu Hautoshi

Katika mji wa Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, na vilevile katika uwanda wa juu wa Ufipa hadi Sumbawanga, imeota mizizi imani ambayo wengi huitamka kana kwamba ni sifa njema ya jamii: kwamba sheria za haki za watu wenye ulemavu ni mambo ya Dar es Salaam na Dodoma, penye maghorofa na lifti, ilhali vijijini asiyeweza kutembea ana ndugu wa kumbeba, asiyeona ana mtoto wa kumshika mkono, na asiyesikia ana shemeji wa kumsemea. Imani hiyo ni potofu, na upotofu wake ni mgumu kung'oa kwa sababu umevaa vazi la utu. Huuchukua wema halisi wa watu, ambao hakuna mwenye akili timamu anayeubeza, na kuugeuza kisingizio cha taasisi kukwepa wajibu wake.

Maana ya kubebwa inaonekana wazi zaidi ziwani. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi kazini mwaka 1927, kwa miongo mingi iliwahudumia watu wa mwambao huu kwenye vituo ambavyo vingi havikuwa na gati: ilisimama mbali na ufuko, boti ndogo zikasongamana ubavuni mwake, mizigo na watoto vikapokelewa mikono kwa mikono, na mwenye miguu yenye nguvu akaruka. Mtu wa magongo hawezi kuruka, kwa hiyo hushikwa kwapani na kiunoni na watu asiowajua, magongo yake yakishushwa kivyake, na kama ni mwanamke hana nafasi ya kuchagua mikono ya nani imshike wala imshike wapi. Wanaomshusha wanatenda wema, na hilo lisisahaulike. Lakini mtu anayesafiri kwa namna hiyo husafiri pale tu wabebaji wanapopatikana, hufika wanapotaka afike, na hujifunza kupunguza safari zake ili asiwachoshe. Mwisho wake ni kubaki nyumbani, na jamii ikishamzoea humo husema kwamba mji hauna walemavu wengi kiasi cha kujengewa chochote. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Hao hawaishi Dar es Salaam peke yake.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, iliyochukua nafasi ya sheria za mwaka 1982 ambazo moja yake ilihusu ajira na nyingine matunzo. Mabadiliko makubwa yapo hapa: mtu aliyeangaliwa zaidi kama wa kutunzwa sasa anatambuliwa kuwa mwenye haki anayeweza kudai. Miongoni mwa anavyoweza kudai ni ufikivu, yaani hali ya jengo, chombo cha usafiri au huduma kuweza kufikiwa na kutumiwa naye bila kutegemea hisani ya mtu mwingine. Sheria hiyo haiwaondolei ndugu wajibu wao. Inakataa tu kuwafanya wao kuwa ngazi, mlango na mkalimani wa kila jengo la umma.

Pengo la hoja ya ndugu huonekana vibaya zaidi katika chumba cha daktari. Mwanamke kiziwi anayefika kituo cha afya kwa ajili ya kipimo cha virusi vya ukimwi au cha mimba, ikiwa mkalimani wake ni wifi au mtoto wake wa miaka kumi na miwili, analazimika kuchagua kati ya matibabu na siri yake. Mgonjwa mwingine yeyote hapewi chaguo hilo. Tena kuna maswali ambayo mtoto huyo hatayatafsiri kwa aibu, na kuna majibu ambayo mama hatayatoa mbele ya ukoo wa mumewe, hasa iwapo aliyemuumiza ni mtu wa ukoo huo huo. Ndugu mwema kupita wote hawezi kuliziba pengo hili, kwa kuwa tatizo ni kuwapo kwake mle ndani. Linalozibwa na mhudumu mmoja aliyefunzwa lugha ya alama, halizibwi na huruma ya wifi kumi.

Wanaoshindwa kwa hoja hii hukimbilia gharama. Na zipigwe hesabu, basi. Jengo lenye ngazi tatu za sentimita 15 kila moja limeinuka sentimita 45 kutoka ardhini. Kwa kipimo kinachotumika kwa kawaida, cha mwinuko mmoja kwa urefu wa kumi na mbili, njia ya mteremko itahitaji mita 5.4, na ikiwa na upana wa mita 1.2 haitameza hata mita mbili za ujazo za mawe na kifusi, bidhaa ambazo Ufipa haiagizi kutoka nje. Mlango wa choo wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, kiti cha saruji juu ya tundu na bomba la chuma la kushikia ukutani ni kazi ya fundi wa kawaida. Kinachogharimu ni kubomoa kilichokwisha kujengwa vibaya, na hilo ni kosa la aliyechora ramani, wala halihusiani na umaskini wa wilaya.

Kuhusu kazi, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Hapo ndipo baadhi ya watu hudai kwamba Kirando ni mji wa wavuvi na wachuuzi, hivyo kifungu hicho hakina wa kumgusa. Wamesahau halmashauri ya wilaya, yenye walimu, wauguzi na watendaji wengi kuliko 20. Wamesahau pia kwamba katazo la ubaguzi kazini, lililomo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, halikuwekewa kiwango hicho cha watu 20. Mwaloni, boti zinakoshushia samaki, ni nyingi kazi zinazofanyika mtu akiwa ameketi: kushona nyavu, kuchambua dagaa, kusimamia mizani, kuandika hesabu za tajiri wa boti. Kinachohitajika ni marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ya lazima ya mahali, zana au saa za kazi ambayo hayamtwishi mwajiri mzigo uliopita kiasi, na ambayo kuyakataa, kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ni ubaguzi kamili. Mfanyakazi mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, anahitaji kivuli, mikono mirefu na zamu ya asubuhi mapema au jioni. Hakuna tajiri atakayefilisika kwa hayo.

Mkoa wa Rukwa, zaidi ya mikoa mingi, haupaswi kuiamini hoja ya ndugu kwa macho yaliyofumbwa. Watu wenye ualbino wameshambuliwa na kukatwa viungo katika mkoa huu, na katika matukio ya namna hiyo nchini ndugu wa karibu wamewahi kuwa miongoni mwa washukiwa. Haki inayotegemea moyo wa jamaa hukoma siku moyo huo unapogeuka.

Machi 12, 1990, watu wenye ulemavu nchini Marekani waliacha viti vyao vya magurudumu na magongo chini ya ngazi za jengo la Bunge jijini Washington, wakazipanda kwa kutambaa mbele ya umma, huku muswada wa haki zao ukiwa umekwama. Sheria ilisainiwa Julai mwaka huo huo. Wangeweza kuomba kubebwa, na wabebaji wangepatikana.

Watu wa Kirando hawalazimiki kutambaa, kwa sababu sheria yao ipo tayari na imeweka kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji. Kamati hizo zinaweza kudai kuiona ramani ya kila jengo la umma kabla msingi haujachimbwa. Zinaweza kuuliza ni nani hasa waliokopeshwa ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri zinatakiwa kuwatengea watu wenye ulemavu kama mikopo isiyo na riba. Na zinaweza kumtaka mkurugenzi ataje idadi ya watumishi wake na idadi ya wenye ulemavu miongoni mwao, ili hesabu ya asilimia 3 ipigwe hadharani, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.