Kitendawili na Fumbo

Kwetu Kawe watoto hutegeana vitendawili jioni. "Nyumba yangu haina mlango!" Wote hupiga kelele, "Yai!" Ni mchezo mzuri, lakini mtoto aliyekwisha kulisikia jibu hafikiri tena, hukumbuka tu. Mimi napenda zaidi fumbo.

Mtu ana chui, mbuzi na majani, ataka kuvuka mto. Mtumbwi wachukua kitu kimoja tu pamoja naye. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, mbuzi ataliwa. Akiacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Ulaya nako fumbo hili lina zaidi ya miaka 1,000, ila wao husema mbwa mwitu na kabichi.

Basi, kwanza amvushe mbuzi, kwa kuwa chui hali majani. Arudi, amvushe chui. Hapa ndipo wengi hukwama, maana waona haya kurudisha kilichokwisha kuvuka. Na amrudishe mbuzi! Amwache, avushe majani, kisha arudi kumchukua mbuzi. Safari saba.

Anayemnong'oneza mwenziwe jibu hilo amemnyang'anya furaha ya kulipata mwenyewe. Je, majani yangeweza kuvuka kabla ya chui? Twaeni kokoto tatu mjaribu, wala asinong'one mtu.