Dawa ya malaria na damu ya mtoto: jaribio linapaswa kumpima nani?

KAMINA, Haut-Lomami – Mtoto akishikwa na joto usiku hapa Kamina, mama hawazi habari za jeni. Asubuhi anamfikisha kwenye kituo cha afya, mtoto anatobolewa kidole, kipimo kikionyesha malaria anapewa vidonge. RDC ni ya pili duniani kwa wingi wa malaria, nyuma ya Nigeria, kwa hiyo njia hiyo wazazi wanaijua sana. Lakini kuna swali ambalo kipimo kile hakijibu: je, damu ya mtoto huyu itavumilia dawa anayopewa?

Upungufu wa kurithi

Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa G6PD, kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu. Siku za kawaida hawasikii kitu. Wakimeza dawa fulani, chembe zinapasuka, mkojo unageuka mweusi kama coca, na damu inapunguka haraka. Si uchawi, si sumu. Ni jeni, na mtoto wa kiume anaipata kwa mama. Ndiyo maana wavulana wanaguswa zaidi.

Upungufu huo unampa mtu kinga kidogo dhidi ya malaria, ndiyo sababu ulienea kule malaria iliko. Kumbe watu wanaohitaji zaidi dawa za malaria ndio hao hao ambao baadhi ya dawa hizo zinaweza kuwaumiza.

Fundisho la LapDap

Mwaka 2003 Uingereza iliidhinisha LapDap, vidonge vya bei nafuu vilivyokusudiwa Afrika. Ndani mlikuwa na dapsoni, dawa iliyojulikana tangu zamani kwamba inaweza kupasua damu ya wenye upungufu wa G6PD. Hata hivyo, vidonge viliingia sokoni.

Baadaye dawa hiyo ilichanganywa na artesunate, ikajaribiwa katika nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo. Safari hii matokeo yalisomwa kwa kutenganisha wenye upungufu na wasio nao. Hapo ukweli ukaonekana: wenye upungufu walipoteza damu nyingi zaidi, wengine mpaka wakaongezewa damu. Mwaka 2008 kampuni ya GlaxoSmithKline iliondoa LapDap sokoni na kusimamisha mchanganyiko ule mpya.

Ukichanganya watoto wote katika hesabu moja, walio wengi wanafunika wachache wanaoumia. Wastani unaonekana mzuri, lakini mtoto mmoja yuko kitandani anatafutiwa damu.

Kinshasa na Mbale

Jaribio lingine lilikwenda kwa njia tofauti. Primakwini, dozi moja ndogo, inazuia mgonjwa asiambukize mbu. OMS iliipendekeza mwaka 2012, lakini hofu ilibaki kwa watoto wenye upungufu. Basi watafiti wa Kinshasa na Mbale, Uganda, walichukua watoto wa miezi 6 hadi miaka 11, wakawapima G6PD, na hawakuwafukuza wenye upungufu. Wengine walipewa primakwini, wengine kidonge kisicho na dawa, wote pamoja na tiba ya kawaida. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba dozi hiyo haikuwazidishia watoto upungufu wa damu, hata wale wenye tatizo la G6PD.

Kamina inapata nini?

Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, lakini aina ya upungufu iliyo ya kawaida Afrika ni moja, kwa hiyo matokeo yale yana maana kwa Kamina pia. Yana mpaka wake: watoto waliopimwa walikuwa na malaria isiyo kali. Mtoto anayefika hospitali amechelewa, na damu imekwisha kupunguka, hayumo katika hesabu ile.

Ndiyo maana siku watafiti watakapofika Haut-Lomami na karatasi za ruhusa, mzazi asitie kidole tu. Ana haki ya kuuliza: Mutapima damu ya mtoto kabla ya kumpa dawa? Wenye upungufu mutawafuatilia namna gani? Damu ya kuongezea iko wapi ikihitajika? Damu mutakayochukua itaenda wapi, na majibu tutayapata lini?

Mtafiti aliyejiandaa vizuri hatakasirika akiulizwa hayo. Jaribio lisilo na majibu hayo linaiacha hatari kwa mtoto, na mama atakuja kuijua siku ataona mkojo mweusi.