Majani ya kijani hayalipi deni

Wasee, leo naomba msamaha kwanza, maoni baadaye.

Mnakumbuka ile video ya nyanya zangu hapa Rongo? Mimea kiunoni, majani kijani mpaka meusi, nyinyi mkajaza moto kwa koment. Nikawaambia siri ni CAN, kifuniko cha soda kila shina, kila wiki. Chenye sikuwaonyesha ni mwisho. Maua yalitoka, yakadondoka. Robo ekari ikanipa kreti tatu. Na hiyo pesa ilikuwa ya mathe, ile alikuwa ameniwekea ya karo kabla niache chuo.

Maoni yangu ni haya: huku Migori na Homa Bay tunalisha nyanya kama mahindi. CAN ina naitrojeni karibu asilimia 26 na haina potasiamu hata chembe. Naitrojeni hujenga majani. Lakini maua yakianza, mmea unahitaji potasiamu ya kutosha ndio ushike matunda na uyajaze. Ukiendelea kumwaga CAN, unanenepa tu, hauoni haraka ya kuzaa.

Sisemi ukate naitrojeni kabisa. Punguza. 17:17:17 angalau ina potasiamu ndani. Jivu la jikoni pia linayo, ila likizidi linaharibu udongo. Kama una uwezo, pima udongo kwanza. Maabara za KALRO hufanya hiyo kazi.

Na usilaumu mbolea kwa kila kitu. Kule Kendu Bay jua ni kali, na joto peke yake huangusha maua. Halafu ukimwagilia leo, ukaruka siku nne, kalsiamu haifiki vizuri kwa tunda, kitako kinakuwa cheusi na kuoza. Watu hukimbilia agrovet kununua dawa, na huo si ugonjwa. Ni maji.

Sasa sisi wenye kamera: tunapenda kushuti wakati wa majani, siku ya kuvuna tunapotea. Omera, kuna kijana huko Nyatike ataweka shilingi yake ya mwisho juu ya sekunde 30 zako. Kama huwezi kurudi kuonyesha kreti, usimfundishe mtu kulima.

Msimu huu nimepanda mistari minne tu. Video itatoka siku ya kuvuna, ziwe kreti kumi ama nusu. Mathe ndiye atahesabu.