Somo Lililo Kivulini: Shule za Kariakoo na Msitu wa Jozani

Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa ambalo wapita njia wengi hulitazama bila kuliona. Nguzo zake za zege hupanda juu, kisha hufunuka kama miavuli iliyogeuzwa, moja ikigusana na mwenzake. Anayesimama chini yake saa sita mchana hupata kivuli cha namna ya pekee, kirefu na chenye hewa, kinachofanana na kile cha chini ya miti mikubwa iliyopandwa kwa safu. Hapana budi kusema kwamba kwa wanafunzi wengi wa shule za sekondari za katikati ya Dar es Salaam, huo ndio msitu wa karibu kuliko yote, nao ni wa saruji.

Si kwamba mwanafunzi huyu hana habari ya mazao ya msitu. Kariakoo huyaona kila siku: mikeka ya ukindu, boriti za mikoko, mizizi na magome ya wauza dawa, na juu ya yote mkaa, kwa gunia kwa mwenye nafasi na kwa kopo kwa asiye nayo. Anachokosa ni mahali vitu hivyo vilikotoka. Amesoma katika kitabu kwamba majani hutoa mvuke wa maji, kwamba mwanga hupungua chini ya miti, kwamba kila kiumbe kina nafasi yake katika mazingira. Ameyakariri, ameyajibu katika mtihani, na hakuna hata moja kati ya hayo aliloligusa kwa mkono. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea juu ya hatari ya shule inayomtenga kijana na jamii inayomzunguka. Katika somo la elimu ya viumbe, utengano huo bado una nguvu, na dawa yake mojawapo ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa: kutembea kwa miguu, polepole, kwa muda usiozidi sana saa moja, katika msitu wenye kivuli.

Msitu unaofaa uko ng'ambo ya maji. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi mji wa Zanzibar ni takriban kilomita 70, na boti ziendazo kasi huzimaliza kwa muda wa saa mbili hivi. Kutoka mjini hadi Jozani, kusini-mashariki, ni kama kilomita 35 za barabara ya lami. Jozani ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye eneo la kilomita za mraba 50 hivi. Njia ya mzunguko iliyomo humo haina mlima wa kumtisha mtu, kwani Unguja ni kisiwa tambarare. Mwanafunzi aliyezoea kupenya umati wa Mtaa wa Msimbazi hataona taabu yoyote.

Hata hivyo mwalimu asidanganyike akawaambia wanafunzi wake kwamba wanakwenda kuona msitu wa mvua kama ule wa Kongo. Wataalamu huuita Jozani msitu wa maji ya ardhini. Eneo lake ni bonde la chini katikati ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba. Maji yako karibu sana na uso wa ardhi, na nyakati za masika hupanda na kufunika sakafu ya msitu. Ni maji hayo, kuliko mvua peke yake, yanayoifanya miti iwe mikubwa hapo huku hatua chache pembeni, juu ya jiwe, kukiwa na vichaka tu. Mwanafunzi akilishika jambo hili moja, kwamba mpaka wa msitu unaweza kuchorwa na kitu kisichoonekana kilicho chini ya nyayo zake, atakuwa amelipiwa nauli yake.

Jambo la kwanza analolihisi aingiaye ni ubaridi. Hapo ndipo mwalimu anapotakiwa kuwa na kipimajoto, bali viwili. Kivuli huzuia miale ya jua, hilo linajulikana hata kwa muuza machungwa mwenye mwavuli wake. Lakini mwavuli wa majani hufanya zaidi ya ule wa kitambaa. Kila gramu moja ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto la jouli 2,400 hivi. Lita moja basi huondoa jouli milioni 2.4, sawa na joto ambalo jiko la umeme la wati 1,000 hulitoa kwa dakika 40. Mti mkubwa hupitisha lita nyingi kwa siku kupitia majani yake. Hii ni mashine ya kupoza isiyo na kelele wala bili, na ni aibu kwamba mitaa ya mji huu huikata ili kupata nafasi ya kuegesha magari.

Hata hivyo, msafiri yuleyule aliyefurahia ubaridi ataona baada ya nusu saa kwamba shati lake limelowa. Wengi hushangaa. Kipimajoto cha pili, ambacho tako lake limevikwa kitambaa kilicholowanishwa, ndicho chenye jibu. Penye hewa kavu, maji ya kitambaa hukauka upesi na kipimajoto hicho husoma chini sana kuliko mwenzake. Ndani ya msitu vipimo hivyo viwili hukaribiana, maana hewa imekwisha kushiba mvuke, nayo haina haja tena ya jasho la mtu. Msitu umepoza hewa, na kwa kazi hiyohiyo umemnyima mtembezi njia yake mwenyewe ya kujipoza. Somo hili la fizikia haliwezi kuandikwa ubaoni likamwingia mtu kama linavyoingia kwa shati lililoganda mgongoni.

Kisha mwanafunzi na atazame chini. Katika msitu mnene, ni sehemu ndogo mno ya mwanga wa juu inayofika sakafuni, pengine asilimia moja au mbili, na mwingi wa huo huja kwa madoa. Madoa hayo karibu yote ni ya mviringo, ingawa nafasi zilizopo baina ya majani hazina umbo maalumu. Kwa nini? Kwa sababu kila tundu dogo ni kamera, na kila doa ni picha ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kuonekana kama pete huko Rujewa mkoani Mbeya, madoa ya chini ya miti katika sehemu nyingine za nchi yaligeuka kuwa hilali ndogo ndogo, mamia kwa mamia. Walioinamisha vichwa walipata kuona bila miwani wala hatari ya macho.

Lakini ni kima punju ambaye huwavuta wageni Jozani, na ni kwa huyu ambapo ziara nyingi za shule huharibika. Mnyama huyu, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama usoni, hapatikani kiasili mahali pengine popote duniani ila kisiwa cha Unguja. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Jina lake la punju lataja sumu, nalo lilitokana na imani za zamani kuhusu madhara yake kwa miti na wanyama wengine. Wanafunzi humwona, hupiga makelele, hupiga picha, huondoka. Hawaelezwi neno lolote linalostahili basi walilolikodi.

Kuna mengi ya kuwaeleza. Kima huyu hula majani zaidi ya matunda, na tumbo lake limegawanyika katika vyumba ambamo vijidudu huchachusha chakula, kwa namna inayokaribiana na ya ng'ombe. Majani ya miti mingi hujilinda kwa kemikali za jamii ya fenoli, zinazozuia mmeng'enyo. Walio pembezoni mwa msitu, katika mashamba ya watu, hula sana majani ya mkungu na ya mwembe, ambayo yana kemikali hizo kwa wingi. Watafiti walioongozwa na Thomas Struhsaker walichapisha mwaka 1997 maelezo ya jambo la ajabu: kima hawa hula mkaa. Huuokota kwenye visiki vilivyoungua, au huuiba kwenye matanuri ya wachoma mkaa. Mkaa una vitundu vidogo visivyo na hesabu. Uso wake, ukikunjuliwa, ungekuwa mpana ajabu, na fenoli hunata juu ya uso huo zikaliacha jani likiwa salama zaidi kwa mlaji. Ni kanuni ileile inayotumika katika vichujio vya maji na katika kuwatibu watu waliokunywa baadhi ya sumu.

Basi mtoto aliyekulia karibu na Mtaa wa Mkunguni, ambaye jina la mtaa wake lamkumbusha mti, na ambaye kila jioni hutumwa mkaa wa kopo, anayo maabara mkononi asiyoijua. Anaweza kusaga kipande cha mkaa, akakitia katika maji yaliyotiwa rangi kidogo, akayatikisa, akayachuja kwa kitambaa, akaona rangi imepungua. Kumbe elimu aliyoifuata ng'ambo ya bahari ilikuwa jikoni kwa mama yake.

Mkaa huo una upande wake mchungu, na ziara isiyoutaja ni ya kitoto. Njia ya kwenda Pugu ni fupi kuliko ya kwenda Jozani, na huko nako kulikuwa na msitu wa pwani wa zamani sana, Pugu na jirani yake Kazimzumbwi, uliohifadhiwa kisheria tangu mwaka 1954. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya misitu hiyo ilikatwa, na sababu moja kubwa ilikuwa mkaa wa Dar es Salaam. Wapo watakaouliza kwa nini basi shule zivuke bahari badala ya kwenda Pugu. Jibu ni kwamba ziende kote kuwili, na Pugu iwe ya pili, ili wanafunzi wajue wanachokitazama wanapoona pengo.

Tena, wasiambiwe kwamba wanakijiji ndio maadui wa msitu. Wakulima wa karibu na Jozani walilalamika muda mrefu kwamba kima hula nazi changa. Lalamiko hilo lilichunguzwa, wala halikudharauliwa: watafiti walihesabu nazi zilizoliwa na zilizovunwa, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 walionyesha kwamba mavuno ya mwisho hayakupungua, minazi iliyopunguziwa vitale ilielekea kuzaa vema zaidi, kama mti uliopogolewa. Hata hivyo mkulima anayemwona mnyama juu ya mnazi wake hawezi kula takwimu, na ni haki kwamba sehemu ya ada za wageni hurudi vijijini. Barabara ipitayo kando ya msitu nayo iliua kima wengi mpaka yalipowekwa matuta, na vifo vikapungua. Hesabu ya kisiwa kizima iliyofanywa katika miaka ya 2010 ilipata kima zaidi ya 5,800, wengi kupita makadirio ya awali, ingawa watoto wao wengi hawafiki utu uzima.

Kuna hoja ya fedha, nayo si ya kupuuzwa. Nauli ya boti, ya gari na chakula cha siku nzima kwa wanafunzi 40 ni mzigo kwa shule ambayo haina hata darubini ya kutosha. Lakini ukosefu wa fedha umekuwa kisingizio cha kutofanya hata kile kisicho na gharama. Bustani ya mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1893 wakati wa Wajerumani, ni mwendo wa miguu kutoka Kariakoo, na humo mna miti mikongwe inayotosha kwa vipimo vyote vilivyotajwa isipokuwa kima. Viwanja vya Mnazi Mmoja viko karibu zaidi. Shule isiyowahi kuwapeleka wanafunzi wake huko na kipimajoto haina haki ya kulalamika juu ya nauli ya Zanzibar.

Njia ya kati ipo. Darasa ligawanywe mara mbili. Kundi moja livuke, lingine libaki mjini, na mwaka unaofuata wabadilishane. Saa sita kamili mchana, kundi la Jozani lisome vipimajoto vyake viwili, kikavu na kilicholowanishwa, kimo cha mita moja na nusu kutoka ardhini. Dakika ileile, wenzao wafanye hivyo mara tatu: kando ya Mtaa wa Msimbazi, chini ya paa la soko, na chini ya mti mmoja wa Mnazi Mmoja. Vipimajoto vyote vikingwe jua, maana kinachopigwa na jua hupima joto lake chenyewe, si la hewa. Siku ifaayo ni ya Julai, masika yakiwa yamepita na njia imekauka. Kundi litakalorudi kwa boti ya jioni litakuta jedwali la wenzao limekwisha kuchorwa, likiwa na safu moja iliyoachwa wazi.