Je, Kuunda Ndege za Plastiki ni Mchezo wa Watoto?

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu lilitolewa shauri kwamba Chama cha Waunda Ndege kifungwe, na ile saa moja na nusu ya Jumamosi alasiri iongezwe katika saa za kujisomea. Waliotoa shauri hilo ni watu wanaotutakia mema, nami sina kusudi la kubishana na wakubwa zangu. Lakini Bodi ya Shule italiamua jambo hili mwezi wa Januari, na wakati huo sisi wa kidato cha nne tutakuwa tumekwisha fanya mtihani wetu na kwenda zetu. Kwa hiyo sijitetei nafsi yangu. Nawatetea wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, na nawaomba wazazi, walimu na wanafunzi wenzangu wanisikilize kabla shauri halijakatwa.

Hoja ya kwanza iliyotolewa ni kwamba kuunda ndege za plastiki ni mchezo, na wahenga walisema kazi mbaya si mchezo mwema. Mithali hiyo ni ya kweli. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi na tutazame namna vinavyoundwa, ndipo tuamue kama ni mchezo au ni kazi.

Muhula huu tumeunda MiG-21. Hii ni ndege ya kivita ya jeti iliyobuniwa katika Urusi ya Kisovieti na ofisi ya Mikoyan na Gurevich, ikaanza kutumika jeshini mwaka 1959, na zaidi ya 10,000 zimepata kuundwa. Mwendo wake huweza kufika mara mbili ya mwendo wa sauti. Lakini ukifungua boksi huoni ndege. Waona vipande vidogo vya plastiki vilivyoshikamana na vijiti, na karatasi ya maelekezo yenye picha na tarakimu. Asiyesoma karatasi hiyo kwa makini, toka mwanzo hata mwisho, hatapata ndege.

Modeli yetu ni ya kipimo cha 1 kwa 72. Kipimo hiki chatokana na hesabu ya Kiingereza ya inchi moja kwa futi sita. Mtu mwenye urefu wa sentimita 180 huwa sentimita mbili na nusu tu. Mabawa ya MiG-21 ya kweli, toka ncha hata ncha, ni mita 7.15, gawa kwa 72, utapata sentimita 9.9. Nimemwona mwanafunzi wa kidato cha pili akipima mabawa hayo kwa rula, kisha akazidisha 72 kwa 72 kwa 72, akapata 373,248, akafahamu kwamba ujazo wa ndege moja ya kweli ni sawa na ujazo wa modeli 373,248. Somo la maumbo yanayofanana lilikuwa limempiga chenga darasani. Siku ile lilimwingia, wala hakuna aliyemfokea.

Fizikia nayo imo. Pua ya MiG-21 ina tundu kubwa, na ndani ya tundu hilo mna koni ambayo husogea mbele na nyuma, ili hewa iingie kwa kadiri injini inavyotaka ndege inapokwenda kwa upesi kuliko sauti. Hewa hiyo hushindiliwa, huchanganywa na mafuta, huwashwa, nayo hufyatuka kwa nyuma, na ndege husukumwa mbele. Ndiyo kanuni ya tatu ya Newton. Tena, modeli isipotiwa uzito puani hukaa kwa mkia kama mbwa. Sisi tulitia chubwi ya mshipi wa kuvulia samaki, na kabla ya kufunga mwili wa ndege tulitafuta kwa kidole mahali inapokaa sawa. Hata gundi yake ni somo la kemia, maana haigandishi kama uji. Huyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, na vipande viwili vikawa kitu kimoja. Kwa sababu ya harufu yake kali hatuitumii ila madirisha yakiwa wazi, na mwalimu wetu yupo.

Lakini faida iliyo kubwa kuliko zote haimo katika kitabu chochote cha darasani. MiG nyingi za zamani hazikupakwa rangi za maficho. Ziliachwa na mng'ao wa bati lake, kwa hiyo hatuna budi kuipaka modeli rangi ya fedha. Kila aliyepata kuishika rangi hiyo ajua kwamba haifichi kitu. Alama ya wembe, mshono usiopigwa msasa vema, tone la gundi, vyote hujitokeza. Hapana njia ila kusugua kwanza kwa subira, kupaka koti jembamba, kungoja likauke hata kesho yake, kisha kupaka la pili. Mwanafunzi anayejifunza kwamba rangi haiponyi kazi mbovu amejifunza jambo litakalomfaa akiwa daktari, au mhasibu, au fundi wa magari. Nchi yetu haina upungufu wa watu wa kupaka rangi juu ya nyufa.

Wala si jambo geni kwa shule kupewa kazi hii. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi ile kuchonga modeli 500,000 za ndege, kwa kipimo hiki hiki cha 1 kwa 72, ili askari wafundishwe kutambua ndege ya rafiki na ya adui. Kazi ya watoto wa shule ilihesabiwa kuwa ni kazi ya watu wazima.

Hoja ya pili ni gharama. Ni kweli kwamba maboksi haya hutoka ng'ambo na bei yake si ndogo. Lakini wale wanafunzi wa mwaka 1942 hawakutumia plastiki, walitumia mbao na karatasi za vipimo. Nasi tungeweza kununua boksi moja kwa mwaka, la kujifunzia, na nyingine tukachonga kwa mbao laini kutoka karakana. Sisi ambao tuliunda magari ya waya na makopo tangu utotoni, hatutashindwa na kipande cha mbao.

Hoja ya tatu ni mtihani. Juma lina saa 168. Saa moja na nusu haifiki hata sehemu moja katika mia. Hata hivyo nakubali kwamba wa kidato cha nne wapumzishwe chama katika muhula wa mwisho, na wadogo waachwe waendelee.

Hoja ya nne ni nzito kuliko zote. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini watoto wafundishwe kupenda chombo cha kuulia watu. Swali hili halifai kujibiwa kwa mzaha. Mwaka 1978 ndege za MiG za jeshi la Idi Amin zilitupa mabomu katika mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Wako wazee walio hai bado waliozitazama toka chini, na katika shule yetu wamo wajukuu wao. Kwao mabawa yale si urembo. Lakini je, dawa ni kutoyatazama? Anayeiona ndege ya kivita katika sinema huona mbio na moto tu, kisha huitamani. Aliyeipachika mzinga wake na makombora yake kwa mkono wake mwenyewe hana budi kuuliza vilielekezwa kwa nani. Kwa hiyo napendekeza kwamba kila modeli iwekwe pamoja na kadi inayosema iliundwa na nani, mwaka gani, na ilifanya nini, mema na mabaya. Kando ya MiG yetu kadi hiyo ipo tayari, na mstari wake wa mwisho wataja Kagera na mwaka 1978.

Basi naiomba Bodi isikifunge chama hiki. Na kwa mzazi aliyeuliza lile swali, na wengine wote wenye shaka, mlango wetu u wazi kila Jumamosi saa tisa alasiri. Tafadhali njoni mwone, msome kadi zetu, ndipo mhukumu.

Mwanachama, Kidato cha IV