Afya Zetu: Asidi za Amino na Lehemu ya Damuni



Ijumaa moja ya mwezi uliopita, tulipokuwa tukitafuta viatu vyetu baada ya sala, mzee mwenzetu mmoja alitutoa pembeni, akachomoa kopo kutoka ndani ya koti lake. "Mwalimu," alisema, "maandishi haya ni madogo, macho yangu hayayafikii. Nisomee. Kijana wangu kaninunulia. Anasema yanashusha kolesteroli, na vile vidonge vya daktari niviache."

Tulivaa miwani, tukasoma. Ndani mlikuwa na asidi za amino. Tuliingiwa na haya, kwani kopo kama hilo tulilijua: lilipata kukaa katika kabati letu wenyewe kwa miezi minne. Basi tumeona safu ya mwezi huu iwe ni jibu kwa mzee yule, na iwe pia ni kukiri kosa letu.

Tuanze na maana. Chakula cha kujenga mwili, yaani protini, kimeundwa mfano wa maneno. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24, na kwa hizo tunaandika kila tunalotaka. Alfabeti ya protini ina herufi 20, nazo ndizo ziitwazo asidi za amino. Tisa kati yake mwili wa mtu mzima hauwezi kuziunda. Ni lazima zitoke sahanini. Nyama, samaki, maziwa na maharage vyote vina herufi hizo, ila kwa mpangilio na wingi unaotofautiana.

Ama kolesteroli, ambayo wataalamu wa lugha wameiita lehemu, si sumu. Mwili hauishi bila yake, kwani huitumia katika kuta za chembe hai na katika kutengeneza homoni kadhaa. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini lina fungu kubwa katika kazi hiyo. Ubaya huanza pale lehemu inayosafirishwa na vibebeo viitwavyo LDL inapozidi damuni, ikajipenyeza katika kuta za mishipa na kuiziba kidogo kidogo, mpaka siku moja moyo au ubongo ukakosa damu.

Je, asidi za amino na lehemu zinakutania wapi? Zinakutania katika nyongo. Ini huichukua lehemu na kuigeuza kuwa asidi za nyongo. Kabla ya kuzimimina, huifunga kila moja na asidi ya amino, ama glisini ama taurini. Fundo hilo ndilo linaloiwezesha nyongo kuyavunjavunja mafuta ya chakula, mfano wa sabuni katika sahani iliyoliwa samli. Kazi ikisha, takriban asilimia 95 ya asidi za nyongo hufyonzwa utumboni na kurudishwa kwenye ini zikatumike tena. Kile kidogo kinachotoka na choo hufidiwa, na ini hukifidia kwa kutumia lehemu nyingine. Likipungukiwa, hufungua milango mingi zaidi ya kuivuta LDL kutoka damuni. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa uchunguzi wao wa milango hiyo na namna mwili unavyoitawala lehemu.

Taurini si miongoni mwa zile herufi 20, bali ni jamaa yao. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya fahali, kwa kuwa Wajerumani Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin waliipata katika nyongo ya ng'ombe mwaka 1827. Nasi watu wa pwani tumekuwa tukiila bila ya kulijua jina lake, kwani imo kwa wingi katika pweza, ngisi na kome. Panya wa maabara wakilishwa taurini nyingi, ini lao hugeuza lehemu kuwa nyongo kwa kasi zaidi, na lehemu ya damuni hushuka. Habari hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyosifiwa ubavuni mwa kopo. Jambo ambalo kopo halikulisema ni kwamba panya hufunga nyongo yake kwa taurini zaidi, ilhali binadamu hutumia zaidi glisini, ambayo mwili wake hujitengenezea. Majaribio ya taurini kwa watu ni madogo na ya muda mfupi. Hayatoshi kumwachisha mtu dawa.

Kisa cha pili ni cha sungura. Mwaka 1908, huko St. Petersburg, Mrusi aitwaye Ignatowski aliwalisha sungura nyama, mayai na maziwa, mishipa yao ikaharibika. Alidhani kosa ni la protini. Mwaka 1913 mwenzake Nikolai Anichkov alionesha kuwa lehemu tupu iliyochanganywa na mafuta ya mimea yatosha kuleta madhara yale yale. Lakini baadaye ikadhihirika kuwa sungura wakilishwa kaseini, yaani protini ya maziwa, lehemu yao hupanda hata kama chakula hakina lehemu. Wakilishwa protini ya soya, haipandi vile. Mmarekani David Kritchevsky alipendekeza kuwa siri iko katika uwiano wa asidi mbili za amino, lisini na arginini: kaseini ina lisini nyingi kwa arginini kidogo, na soya ina arginini zaidi.

Kwa binadamu jambo hilo limekuwa dogo kuliko matumaini. Mwaka 1995 mkusanyo wa majaribio 38 ulitoa matokeo mazuri, na mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaruhusu vyakula vyenye soya kusifiwa kuwa vinaulinda moyo. Majaribio yaliyofuata yakatoa picha ya unyonge zaidi, LDL ikishuka takriban asilimia 3 hadi 4 tu. Mwaka 2017 mamlaka ile ile ikapendekeza kuifuta ruhusa yake.

Sasa tuje kwenye kosa letu. LDL yetu ilikuwa 4.4 kwa kipimo cha hapa Uingereza. Daktari alitupa vidonge vya statini, ikashuka hadi 2.5. Kisha tukalisoma tangazo, tukalinunua kopo, na vidonge tukavificha nyuma ya vitabu bila ya kumwambia mtu. Baada ya miezi minne kipimo kilisema 4.3. Mke wetu alipoviona vidonge alikokuwa akipangusa vumbi, hakugomba. Alituuliza tu: "Mwalimu, na mimi ningebaki na nani nchi hii?" Hatukuwa na jibu, wala hatuna hadi leo.

Je, basi chakula hakina faida? Kinayo, ila faida hiyo imo chunguni zaidi kuliko koponi. Maharage, kunde, choroko na mbaazi vina protini ya mimea pamoja na nyuzinyuzi laini zinazoinasa nyongo utumboni na kutoka nayo, ini likalazimika kuvuta lehemu zaidi. Bakuli moja kila siku laweza kuishusha LDL kwa takriban asilimia 5. Na pale maharage yanapochukua nafasi ya nyama ya mafuta, hapo faida huzidi. Lakini tusijidanganye: mbaazi zilizozama katika tui zito si zile anazozisifu daktari. Mafuta ya nazi, kama samli, huganda kwa baridi, na mafuta ya namna hiyo hupunguza ile milango ya ini. Tui jepesi, na kidogo, latosha kuleta ladha ya kwetu.

Jambo jingine linatuhusu sisi Waislamu khasa. Vidonge vingi vya maganda laini hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini huweza kutoka kwa nguruwe. Asiyesoma maandishi madogo huenda akameza asichokitaka.

Mzee wetu tulimjibu hivi: "Mzee mwenzangu, kula maharage yako na samaki wako, na kidonge umeze. Kopo mwoneshe daktari kwanza." Alilitazama kopo, akasema kijana wake alilinunua kwa mapenzi. Tukamwambia tunajua, na kwa sababu hiyo amweleze kwa upole. Vijana wetu wanatupenda na wanataka tuishi. Kazi yetu ni kuwaonesha njia iliyo sahihi ya kutusaidia.

Ikiwa nawe, msomaji, una vidonge nyuma ya vitabu, vitoe leo. Kama vinakuumiza misuli au vinakusumbua kwa namna yoyote, mweleze daktari. Zipo dawa nyingine na vipimo vingine. Kuacha kimyakimya ndiko kunakotuua.

Tukijaaliwa, tuonane toleo lijalo. Wabillahi tawfiq.